Vitafunwa laini vya mbwa kwa viazi lishe, karoti na papai: pika wiki mbili kabla ya chanjo

Leo siendi kwenye maharage wala mahindi moja kwa moja, naenda kwa yule anayeyalinda. Huku kwetu Muyama, na ukipanda mpaka Munanila au ukishuka kuelekea Kasulu, shamba la mahindi lililo karibu na msitu bila mbwa ni shamba la nyani. Usiku wanakuja nguruwe pori. Mbwa analala njaa, anakimbia mchana kutwa, na jioni anatupiwa ukoko wa ugali. Kazi anafanya, ujira hana.

Najua kuna watakaocheka: "Bwana shamba sasa anatufundisha kuokea mbwa keki wakati watoto hawajapata hata andazi." Sawa, cheka kwanza halafu tuendelee. Somo hili sikulitoa kwenye maisha ya mjini ambako mbwa analala kwenye kochi. Nimelitoa kwenye meza ya chanjo.

Kuna siku tulikuwa tunachanja mbwa dhidi ya kichaa kwenye kijiji kimoja cha huku juu. Mzee mmoja alifika mapema kabisa, ameshika kamba mkononi, mbwa hana. Nikamuuliza, mzee wangu, mbwa yuko wapi? Akasema, "Yuko nyumbani, ananifuata kila ninapokwenda. Leo ameiona kamba tu, kakimbilia migombani." Akaongeza, "Mimi ananitambua, kamba haitambui." Kabla ya saa sita walikuja wengine wengi na hadithi ile ile. Chanjo ilikuwepo, watu wamekuja, mbwa wako porini. Jioni tulifunga boksi la barafu na chupa zilizobaki tukarudi nazo.

Sasa hilo si jambo dogo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakuna dawa, karibu kila anayefikia hapo anakufa. Hapa Tanzania makadirio yanayotajwa mara nyingi ni vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka, na wengi wao ni watoto, kwa sababu watoto ndio wanaocheza na mbwa na ndio wasiosema wakiumwa, wanaogopa kuchapwa. Duniani, wagonjwa 99 kati ya 100 wameupata kwa mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema ukichanja mbwa 70 kati ya kila 100 kwenye eneo, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Hao 70 hatuwafikii kama nusu ya mbwa wanakimbilia migombani wakiona kamba.

Kwa hiyo kitafunwa ninachokufundisha ni chombo cha kazi, kama ulivyo mpini wa jembe. Unakitumia kumzoesha mbwa kuitwa, kushikwa shingo, kuvaa kamba na kusimama wakati mtu mgeni anamgusa. Wiki mbili zinatosha kwa mbwa wengi.

KWA NINI LAINI, NA KWA NINI MATUNDA NA MBOGA

Laini kwa sababu mbwa anakimeza mara moja. Kitu kigumu atakichukua na kukimbia nacho kichakani akakitafune huko, na wewe umebaki na kamba yako. Kingine, mbwa wa huku wengi meno yameisha mapema kwa kutafuna mifupa na mawe. Mbwa mzee anapenda kitu cha kupondeka.

Matunda na mboga kwa sababu ndivyo tulivyonavyo. Viazi vitamu vilivyokatwa na jembe wakati wa kuvuna, ambavyo sokoni haviuziki. Papai lililodonolewa na ndege upande mmoja. Boga lililopasuka. Karoti zilizopinda. Ndizi zilizoiva kupita kiasi. Vitu hivi vina utamu wake, mbwa anaupenda, na hukulazimika kuongeza sukari hata chembe. Hapo simaanishi vilivyooza, nitarudi kwenye hilo maana ndiko kwenye hatari.

Harufu inatoka kwenye dagaa wetu wa Tanganyika. Mbwa anaamua kwa pua kwanza, mdomo baadaye. Ukiweka kijiko cha unga wa dagaa, mbwa atakuja kutoka ng'ambo ya mto.

MAHITAJI

Viazi lishe (vile vya rangi ya chungwa) viwili vya wastani, kama gramu 300, vichemshwe na kupondwa. Huna viazi lishe, tumia viazi vitamu vyeupe au boga.
Karoti moja, ikwaruzwe.
Papai bivu lililopondwa, nusu kikombe. Mbegu zote toa. Ndizi mbivu moja inafaa pia.
Yai moja.
Unga wa mahindi kikombe kimoja na unga wa ngano kikombe kimoja.
Unga wa dagaa vijiko viwili vikubwa.
Mawese kijiko kimoja kikubwa.

Basi. Hakuna chumvi, hakuna sukari, hakuna hamira, hakuna magadi, hakuna kitunguu. Mtu akikuambia weka kidogo tu kwa ajili ya ladha, ladha hiyo ni yako wewe, mbwa hajaiomba.

Kuhusu dagaa: wengi wanaanikwa mchangani, na mchanga unakuja nao hadi jikoni. Waoshe vizuri, waanike tena au wakaange bila mafuta mpaka wavunjike kwa vidole, ndipo utwange na kuchekecha. Kama ni wale wa chumvi, waloweke na kumwaga maji mara mbili kabla.

Unga wa ngano ndio unaoshikisha. Ngano ikiwa bei mbaya, badala yake weka unga wa muhogo, unashika vizuri tu, lakini uwe wa muhogo uliovundikwa na kukaushwa ipasavyo. Muhogo mchungu uliokaushwa harakaharaka unabaki na sumu ya sianidi, ambayo ndiyo iliyowalemaza miguu watu wa Tarime mwaka 1985 na wa Mtwara mwaka 2002 na 2003, ugonjwa unaoitwa konzo. Mbwa naye sianidi haimwachi. Unga ambao wewe mwenyewe unausitasitia kwenye ugali usimpikie mbwa.

NAMNA YA KUOKA BILA OVENI

Ponda viazi vikiwa bado vya moto, visibaki na mabonge. Vikipoa weka papai, karoti, yai na mawese, koroga. Changanya unga wote pembeni pamoja na unga wa dagaa, kisha umimine kidogo kidogo kwenye rojo huku ukikoroga. Unataka donge laini linalokaa kwenye kiganja bila kumwagika, zito kuliko uji, jepesi kuliko unga wa chapati. Likiwa gumu ongeza maji vijiko viwili vitatu. Likiwa jepesi ongeza unga wa mahindi.

Chukua jani la mgomba, lipitishe juu ya moto lilegee, tandika ndani ya sufuria ndogo bapa au sahani ya bati. Mimina donge, lisambaze liwe na unene wa kidole kimoja. Jani linafanya kazi ya karatasi, halishiki chini, na kuna wanaosema harufu yake inaongeza utamu. Mbwa hajanithibitishia hilo.

Sasa jiko. Weka mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, kina cha vidole viwili, bandika kwenye mkaa kama dakika kumi upate moto, na mfuniko umefunika. Juu ya mchanga panga vijiwe vitatu vidogo, weka sufuria ndogo juu yake, funika, halafu palia mkaa juu ya mfuniko. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza: nilijaza mkaa chini kama napika maharage, chini kukawa kaa jeusi na katikati bado uji. Mkaa wa chini uwe wa kuhesabika.

Baada ya dakika 25 hadi 30 choma katikati kwa njiti safi. Ikitoka kavu, epua. Ukibonyeza kwa kidole panarudi. Mwenye oveni aweke nyuzi joto 175 kwa dakika 20 hadi 25. Acha ipoe kabisa ndipo ukate vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kwa vipimo hivi utapata vipande zaidi ya 100.

Kwa nyumba ambazo kwa imani au kwa desturi chombo cha mbwa hakichanganywi na cha watu, tenga sufuria moja ya zamani iwe ya kazi hii. Halina ugomvi.

KIASI

Kitafunwa si chakula. Kisizidi sehemu moja ya kumi ya anachokula mbwa kwa siku. Mbwa wa kilo 15, na wetu wengi ni wa huko huko, vipande 8 kwa siku vinamtosha. Ukiwa unamfundisha, kata kila kipande mara mbili upate nafasi 16 za kumpongeza. Mbwa hahesabu ukubwa, anahesabu mara ngapi.

Na chakula chenyewe kibaki palepale: ugali pamoja na kitu cha kujenga mwili, dagaa, utumbo uliopikwa, maharage yaliyoiva kabisa. Mbwa anayelishwa ukoko mtupu halafu unampa kitafunwa chenye dagaa atakupenda, sawa, lakini mbavu bado zitahesabika. Wale wenye watoto wa mbwa, hao wanakula mara tatu nne kwa siku, na dawa ya minyoo isisahaulike, la sivyo unalisha minyoo.

Utumbo, maini na mapafu vipikwe. Nasisitiza kwa sababu siku za kuchinja naona watu wanatupa mapafu yenye malengelenge ya maji, na mbwa wanagombania. Yale malengelenge ni ya mnyoo wa tegu ambao mbwa anaueneza kwa kinyesi, na mtu anayeyala mayai yake kwa mikono michafu anaota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Wenzetu wa Turkana kule Kenya wamesumbuliwa nao miaka na miaka. Viungo vyenye malengelenge vichomwe au vifukiwe shimo refu.

MAHINDI MABOVU "APEWE MBWA"

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo penye roho ya somo.

Kila mwaka wakati wa kupukuchua tunabagua mahindi. Mazuri gunia la kuuza, ya kati ya kula, na yale yenye ukungu wa kijani au wa njano, yaliyonyeshewa, yaliyotobolewa, tunasema "hayo ni ya kuku na mbwa." Karanga nazo hivyo hivyo, zilizosinyaa na kuota ukungu zinakwenda kwa mbwa. Nimesikia hili karibu kila nyumba, na wanaosema ni watu makini, wakulima wazuri.

Ukungu ule unaweza kuwa na sumukuvu. Kuna mambo mawili ambayo wengi hawajui kuihusu. La kwanza, kupika hakuiondoi. Unaweza kuoka kitafunwa changu kwa moto wowote unaotaka, kama unga ulikuwa na sumukuvu, kitafunwa kina sumukuvu. Kukoboa kunapunguza, kubagua kunapunguza, moto hausaidii. La pili, mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi sana na sumu hii. Ng'ombe mkubwa anaweza kustahimili kiasi ambacho mbwa kinamlaza.

Mwaka 1981 kule Machakos, Kenya, watu 20 walilazwa kwa sumu ya mahindi yenye ukungu, 12 wakafa. Ilielezwa kwamba njiwa na mbwa wa maeneo yale nao walikufa. Mwaka 2004 ikarudi Kenya mashariki kwa ukubwa wa kutisha: wagonjwa 317, vifo 125. Kwetu Tanzania ilikuwa mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 wakapoteza maisha. Marekani mwishoni mwa mwaka 2005 chakula cha mbwa cha kiwandani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumukuvu kiliua mbwa zaidi ya 100. Kama kiwanda chenye maabara kilipitiwa, wewe na mimi tunaotumia macho tu tuwe waangalifu zaidi.

Dalili kwa mbwa: anakataa chakula, anazubaa, anatapika, ufizi na weupe wa jicho vinakuwa vya njano, mkojo unakuwa wa rangi ya chungwa, kinyesi cheusi au chenye damu. Ukiona hivyo acha chakula hicho mara moja, mwite mtaalamu wa mifugo, halafu fanya jambo la pili ambalo watu wanalisahau: nenda ghalani. Mbwa amekula kutoka gunia lilelile mnalokula ninyi. Mbwa akifa kwa njano nyumbani kwako, usimzike tu na kuendelea kusaga.

Basi unga wa kitafunwa utoke kwenye mahindi unayokula wewe. Vikombe viwili vya unga si hasara. Yale yenye ukungu yafukiwe, wala kuku wasipewe, maana bata na vifaranga ndio kabisa hawastahimili.

VISIVYOINGIA KWENYE SUFURIA

Kitunguu maji na kitunguu saumu vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Gramu 15 hadi 30 za kitunguu maji kwa kila kilo ya uzito wake zinatosha kuleta madhara, kwa hiyo mbwa wa kilo 15 anahitaji kula vitunguu vitatu vinne kwa mpigo. Mchuzi wa kijiko kimoja hautamwua, sitaki kukutisha bure. Lakini mbwa anayemwagiwa mabaki ya maharage yenye vitunguu kila siku ya Mungu anakusanya taratibu, na damu inapungua taratibu. Mtolee chake kabla hujakaanga.

Zabibu mbichi na kavu zinaweza kuua figo, na hakuna anayeweza kukuambia mbwa wako atastahimili ngapi. Kama umezoea kuoka keki ya zabibu, mabaki usimrushie. Chokoleti na kahawa vilevile, na hapa kwenye kahawa wakulima wa Buhigwe wenye uanikaji wa nyumbani waangalie watoto wa mbwa wanaotafuna kila kitu. Bigjii zile zilizoandikwa hazina sukari zinaweza kuwa na zailitoli, kiasi kidogo tu kinamwangusha mbwa.

Parachichi: mbwa wengi wa huku wanajiokotea wenyewe chini ya mti na hawajafa. Nyama yake ina mafuta mengi, tumbo linaweza kuchafuka. Mimi siweki kwenye kitafunwa, hasa kwa sababu ya kokwa, inakwama. Kokwa ya embe pia. Lakini bingwa wa kukwama ni gunzi la mahindi. Mtoto kala mahindi ya kuchoma, karusha gunzi lenye harufu nzuri, mbwa kalivunja na kumeza. Linakaa kwenye utumbo kama kizibo. Mbwa anatapika siku mbili tatu, hapati choo, anakufa, na jirani anasingiziwa kuweka sumu. Magunzi yaende jikoni yakawashe moto.

Kisamvu kibichi hapana, muhogo mbichi hapana, kiazi mviringo chenye ukijani hapana, nyanya za kijani hapana. Donge la mkate lenye hamira likimezwa bichi linaumuka tumboni na kutoa pombe. Na machicha ya pombe ya ndizi tuwaachie nguruwe kwa kiasi chao, mbwa mlevi halindi shamba.

KUHIFADHI

Kitafunwa laini kina maji mengi, ndiyo maana ni laini, na ndiyo maana hakikai. Bila friji hesabu siku mbili, msimu wa mvua huku kwetu hata moja na nusu. Kikianza kunata au kuona uzi mweupe, tupa chooni, usimpe kuku, usikwangue juu ukabakiza chini. Itakuwa ajabu ubague mahindi yenye ukungu halafu uoteshe ukungu wako mwenyewe kwenye kopo.

Vipande 100 kwa mbwa mmoja ni vingi mno, basi pika nusu ya vipimo au mgawane na majirani. Ukitaka vikae, rudisha vipande kwenye sufuria ya mchanga kwa moto hafifu sana kama saa moja mpaka vikauke kabisa vilie vikivunjwa, vitakaa wiki moja ndani ya kopo kavu. Siku ya kutumia unavilowesha kwa maji kidogo vinalainika.

KUMZOESHA KAMBA

Siku tatu za kwanza usimshike kabisa. Mwite jina, akija mpe kipande kwenye kiganja kilichofunguka, siyo kwa ncha za vidole. Watoto wafundishwe hivyo hivyo, na wafanye mtu mzima akiwepo. Mbwa wawili usiwape pamoja, utaanzisha vita.

Siku ya nne anza kumgusa shingo kwa mkono mmoja huku anakula kwa mwingine. Mguse, mpe, acha. Baada ya siku mbili shika ngozi ya nyuma ya shingo kwa upole, hapo ndipo sindano inapoingia, mpe, acha. Ukishika bila kumpa umemfundisha kukimbia.

Wiki ya pili leta kamba. Iweke chini kwanza, aile vipande juu yake. Kisha iguse shingo. Kisha ifunge ilegee dakika moja, mfungue. Kisha tembea naye mpaka uwani, kesho mpaka njiani, keshokutwa mpaka palipo na watu. Kamba isiwe ya kitanzi kinachokaza. Siku mbili za mwisho mwombe jirani amguse mgongoni wewe ukiwa umemshika kichwa na kumlisha. Usimchape katika kipindi hiki chote. Mzee mmoja aliniambia mbwa wake ni mkaidi, nikamkuta anamlisha kwa mkono wa kulia na fimbo iko mkono wa kushoto.

Tahadhari moja kubwa kwa mbwa wa ulinzi. Wezi wanajua mbwa anapenda nyama, ndiyo maana wanarusha nyama yenye sumu. Kwa hiyo kitafunwa kitoke kwa watu wa nyumbani tu, na mkononi tu, kamwe usirushe chini. Mbwa aliyezoea kula kinachotupwa atakula na cha mwizi. Jirani anayekusaidia amguse, asimlishe.

SIKU YENYEWE

Mbwa achanjwe kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka. Sehemu nyingi kampeni inafanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, yule aliyetengeneza chanjo ya kwanza ya ugonjwa huu. Lakini ratiba ya kijiji chako ulize kwa afisa mifugo au mtendaji, usingojee kipaza sauti.

Asubuhi ile usimshibishe. Oka usiku wa jana yake, weka vipande 16 mfukoni kwenye karatasi. Aje na mtu anayemzoea, siyo mtoto mdogo anayeburutwa. Simama mbali na mbwa wengine mpaka zamu yenu ifike. Mtaalamu akiandaa sindano, wewe uko mbele ya kichwa, unatoa kipande kimoja kimoja bila haraka. Sindano ikitoka toa vitatu vya mwisho mfululizo, akumbuke meza ile kwa vizuri, maana mwakani mtarudi. Cheti chukua, kitunze pamoja na kadi za kliniki za watoto.

Na mtu akiumwa na mbwa kabla hatujafika huko, awe mbwa wa nyumbani au wa kuzurura: osha jeraha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili kwa saa, usifunge kwa majani wala kupaka mafuta, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo ya binadamu. Mtoto akija kusema kaumwa, mpongeze kwa kusema, fimbo weka chini.

Yule mzee wa kamba, msimu uliofuata alikuja na mbwa. Alikuwa na boga lililochemshwa kwenye mfuko wa rambo, hata hakuoka, kalikata vipande tu na kulipaka unga wa dagaa. Limefanya kazi. Kwa hiyo usiye na mkaa wa kutosha anza na hilo, na wiki ijayo tutarudi kwenye maharage, namna ya kuyakausha bila kuyalaza chini mvua zinapokatiza mavuno.